Sungura wa nyama Afrika Mashariki: faida iko kwenye majani, hasara kwenye gunia

Sungura jike hubeba mimba siku 31 tu na huzaa watoto sita hadi wanane. Kwa hesabu hiyo, wakulima wadogo wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wameshaambiwa mara nyingi kwamba huyu ndiye mnyama wa kuwatoa kwenye umaskini. Wanaopinga hujibu kwamba soko hakuna. Kila upande una haki yake, ila hawazungumzii sungura mmoja: yuko anayekula majani ya shambani, na yuko anayekula chakula cha gunia.

Tuanze na wa gunia. Aliyeachishwa kunyonya akiwa na gramu 700, akilishwa vidonge vya chakula cha gunia, hufika kilo 2.5 katika wiki ya 11 au 12. Kila kilo anayoongeza hugharimu karibu kilo 4 za vidonge, yaani zaidi ya kilo 7 kwa jumla. Akichinjwa, inabaki nusu ya uzito, kama kilo 1.25 pamoja na mifupa. Kwa hiyo kilo moja ya nyama imekula karibu kilo 6 za chakula, na bado hujamhesabu mama yake. Kuku wa nyama hamalizi kilo 3. Hapa wapinzani wamesema kweli tupu.

Wapo wanaojaribu kupunguza gharama kwa kumpa chakula cha kuku. Hapo ndipo banda huisha. Sungura anahitaji nyuzinyuzi asilimia 14 hadi 18; cha kuku hakifiki hata nusu yake, utumbo unasimama na kuhara kunaanza. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa za koksidia (vimelea vya utumbo) zinazochanganywa humo, kama narasini, ni sumu kwake.

Wa majani ana hesabu nyingine kabisa. Kwa matembele, kishonanguo na nyasi atachukua miezi mitano au sita kufika uzito uleule, lakini pesa haitoki mfukoni. Kwenye vilima vya Rwanda, Kigezi, Kiambu na miteremko ya Kilimanjaro, ambako ardhi ni finyu na hewa ni ya baridi, nyama hiyo ya nyumbani ina maana kubwa, na mtetezi wake hana haja ya kutia chumvi. Majani yakatwe mapema yanyauke kivulini. Mabichi yaliyorundikwa hadi yakapata joto huvimbisha tumbo. Majani ya mti wa lusina yawe kidogo, yakizidi manyoya hupukutika.

Pwani ni habari tofauti. Joto likizidi nyuzi 30 kwa siku kadhaa, mbegu za dume hudhoofika na huchukua karibu miezi miwili kurudi sawa. Wengi hulaumu majike na kuyachinja bure.

Faida nyingine hupotea ndani ya sanduku la kuzalia. Liwekwe siku ya 28. Likitangulia, jike hulifanya choo. Akikaribia kuzaa hunyofoa manyoya ya kifua na tumbo na kuyatandika. Watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba, na hunyonya mara moja kwa siku, dakika chache tu. Asiyejua akimwona mama amekaa mbali hudhani amewasusa. Funua manyoya utazame: tumbo likiwa la mviringo na limekaza, ameshiba, likiwa na mikunjo, hajanyonya. Mlango wa sanduku uwe na kizingiti cha sentimita 15, kwa sababu mtoto akiburutwa nje akiwa bado ameng'ang'ania chuchu, mama hamrudishi, na baridi humuua kabla ya asubuhi. Wiki ya nne hadi ya nane ni zamu ya koksidia, hasa sakafu ikiwa na mkojo na chakula kikimwagwa chini.

Soko lenyewe lina mipaka ambayo matangazo hayaitaji. Waadventista Wasabato hawali sungura kwa katazo la Mambo ya Walawi, nao ni wengi Kisii, Mara na Rwanda. Hoteli nayo inataka mzigo usiokatika. Ikihitaji sungura 50 kwa wiki, hao ni 2,600 kwa mwaka. Jike mzuri hufikisha sokoni 25 hivi, kwa hiyo yanahitajika majike zaidi ya 100. Mwenye majike kumi hapeleki hata watano kwa wiki. Bila kikundi cha wafugaji kumi au zaidi wanaopandisha kwa zamu, mazungumzo na hoteli ni ya bure.

Kuvuka mpaka hakumwokoi mfugaji. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza 2010, lakini nyama ikipita Namanga au Busia bado inadai cheti cha daktari wa mifugo, kibali cha nchi inakokwenda na gari lenye baridi. Kilo sita za wiki haziwezi kubeba gharama hiyo.

Ndiyo maana pesa nyingi huzunguka kwenye kuuziana sungura wa mbegu, yaani wa kuzalisha: muuzaji anatoa majike kwa bei ya juu na kuahidi kununua watoto wote, na watoto hao huuzwa kama mbegu kwa mfugaji mpya. Wafugaji wapya wakikoma, ahadi inakufa siku hiyohiyo. Anayeletewa mkataba kama huo aulize nyama inachinjiwa wapi, nani aliinunua wiki iliyopita, na bei ni ya kilo iliyochinjwa au ya kichwa.