Mirathi: Tanga si Unguja

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema Mtanzania akienda mahakama ya chini anakuta utaratibu uleule popote alipo. Hapana ndugu yangu, vuka bahari kwanza.

Baba mdogo alifariki akiwa mkazi wa Tanga. Tulienda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo, umesainiwa na kila mtu mpaka shangazi aliyetia dole gumba. Hakimu akauliza kama marehemu aliishi kwa mila au Kiislamu, akateua msimamizi, baadaye tukajaza fomu namba 5 (orodha ya mali) na namba 6 (hesabu za mgawo). Mgawo ulifuata Uislamu, ila aliyesimamia ni hakimu wa serikali, si kadhi. Huku Bara kadhi yupo, lakini hukumu yake haina nguvu ya dola. Usiporidhika unapanda mahakama ya wilaya, kisha Mahakama Kuu, na kukiwa na hoja ya kisheria iliyothibitishwa na Mahakama Kuu unafika Mahakama ya Rufani.

Shemeji yetu wa Unguja alitushangaa sana. Kwao ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni kazi ya Mahakama ya Kadhi, mahakama kamili ya dola. Na safari inaishia Mahakama Kuu ya Zanzibar. Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 99, inaizuia Mahakama ya Rufani kugusa mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi.

Muungano mmoja, Mahakama ya Rufani moja, lakini mjane wa Tanga anaweza kufika mlango ambao mwenzake wa Unguja amefungiwa. Hilo ndilo mwandishi angelieleza.