Hayo Siyo ya Chumba Hiki

Jumanne iliyopita nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tumbo tupu, maana kwenye kadi ya kliniki ya sukari wameandika nije bila kula. Daladala ya kwanza, foleni, namba 43. Saa nne na nusu ndiyo nikachomwa kidole. Kipimo kikasoma 11.8. Daktari, kijana mstaarabu tu, akauliza macho yakiwa kwenye faili: "Mama, sukari iko juu. Dawa unameza?" Nikamwambia nameza, ila kuna siku naruka, kwa sababu kuna siku siamki. Siyo uvivu, nikamwambia. Nalala chali natazama feni mpaka adhuhuri, sioni sababu ya kuweka mguu chini. Akaandika kitu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, hayo siyo ya chumba hiki.

Nimerudi na maneno hayo nyumbani kama mzigo wa kuni kichwani, na leo nautua hapa hapa.

Kwa hiyo tuhesabu vyumba. Sukari ni chumba namba 9, Jumanne. Presha iko jengo la pili, Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Goti lina mtu wake wa mifupa, kila baada ya miezi mitatu, akiwepo. Vidonda vya tumbo havijapata hata chumba, vina duka la dawa la mtaani. Na hii ya kutoamka, ambayo kitabuni inaitwa sonona, chumba chake kiko nyuma kabisa, karibu na mochwari (ndiyo, mochwari; aliyepanga yale majengo alikuwa na utani wake), na ukionekana umekaa kwenye lile benchi, kabla hujafika stendi mtaa mzima umeshakupeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Huo ndio uhai wangu: siku za kazi naomba ruhusa, mwalimu mkuu ananitazama kwa jicho la "huyu naye", na kila chumba kinaniambia nisikose.

Kila chumba kina amri zake pia. Sukari inasema tembea dakika 30 kila siku. Goti linasema usijaribu. Vidonda vinasema usikae na njaa. Sukari hiyo hiyo inasema njoo na njaa, ukae nayo mpaka namba yako iitwe, na kufika saa nne tumbo langu linawaka hadi nauma kitambaa cha mtandio. Nilimwambia nesi. Akasema vumilia mama, karibu. Karibu ilikuwa watu ishirini na mmoja.

Sasa niwaeleze kisa cha miguu, kwa sababu bila kisa hiki mtaniona mlalamishi tu.

Mapema mwaka huu goti lilinishika hasa. Nikaenda duka la dawa nikaomba "ya maumivu", nikapewa diklofenaki kama anavyopewa kila mtu nchi hii. Nikaimeza wiki, ikawa mwezi, ikawa inakwenda na chai ya asubuhi. Nafuu niliipata, sitaki kusema uongo. Alhamisi ya presha ilipofika, mashine ikasoma 172 kwa 104. Chumba cha presha hakikuuliza habari za goti, goti si lake. Kikaipandisha amlodipini, dawa yangu ya presha, kutoka miligramu 5 kwenda 10. Baada ya wiki tatu miguu ikavimba, viatu vya kazini vikagoma. Nikaipeleka ile miguu Jumanne kwa mtu wa sukari. Akashtuka, na alikuwa na haki: mwenye kisukari akivimba miguu lazima figo zishukiwe. Nikapimwa mkojo, nikapimwa damu, nikapigwa ultrasaundi. Wiki mbili za kusubiri majibu nilishamwonyesha binti yangu mahali ilipo hati ya kiwanja, na usiku nilikuwa nawahesabu watu wa mtaani kwetu waliokufa kwa figo. Majibu yakaja: figo nzima. Basi miguu imevimba kwa nini? Daktari akabetua mabega.

Aliyenifumbulia ni kijana wa dirisha la dawa. Nilikuwa natafuta kadi, nikaumwaga mfuko wangu wote pale kaunta, na vidonge vikatoka kama karanga. Akavitazama. "Shikamoo mama. Hizi zote unameza wewe?" Nikamwambia marahaba mwanangu, zote zangu, si za ukoo. Hakucheka. Akaanza kuzipanga mafungu mafungu, kama mtu anayepanga nyanya sokoni. Mama, hii ya goti inaweza kupandisha presha. Presha ilipopanda, wamekuongezea hii. Na hii, dozi ikiwa kubwa, huvimbisha miguu. Halafu hii ya goti inachokoza na tumbo, ndiyo maana unanunua omeprazoli kila wiki. Na ukiendelea nayo, zile figo walizozihofia, yenyewe ndiyo itakayoziharibu kweli.

Dakika saba, labda nane. Vyumba viwili na duka moja vilikuwa vimenitibu miezi mitatu, kila kimoja kikitibu kazi ya mwenzake bila kujua, na ukweli ukanikuta nimesimama dirishani huku walio nyuma yangu wanaguna. Akaandika kikaratasi nimpelekee daktari. Diklofenaki ikaachwa, presha ikashuka mwezi uliofuata, amlodipini ikarudi 5, viatu vikaingia.

Mtasema, nawe mama, kwa nini hukuwaambia kwamba unameza dawa ya goti? Sawa. Kosa hilo nalibeba. Lakini nani aliniuliza? Niliulizwa "sukari unameza?" nikajibu sukari. Niliulizwa "presha unameza?" nikajibu presha. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia, mama, toa kila unachokimeza, weka mezani.

Goti na presha ni wagomvi wa kuonekana, afadhali. Kinachonikata maini ni hili la kutoamka. Kisukari ni ajira. Kinataka uamke, upime, upike chako pembeni, ukadirie wanga, utembee, jioni ukague nyayo kama kuna kidonda usichokisikia, ukumbuke kadi, ukumbuke tarehe. Hakina likizo wala mapumziko ya uzazi. Sonona nayo ikija haigusi kitu kingine, inaondoka na ile nguvu ya kuianza siku tu. Sasa wewe unayenisomea 11.8 halafu hutaki kusikia habari za feni, unanipa kazi na hutaki kujua kama nina mikono. Na siyo kwamba ni siri ya waganga: tafiti zimeonyesha miaka mingi sasa kwamba mwenye kisukari ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata sonona kuliko asiye nacho. Karibu mara mbili! Yaani kwenye lile benchi la chumba namba 9 tumejaa. Tunatazamana tu, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mvivu.

Nilishawahi kwenda kile chumba cha nyuma. Daktari wake ni msikivu, nampa haki yake. Akanipa amitriptilini, nikalala kweli, na kilo nne zikaja, na kilo nne kwa mwenye sukari mnajua maana yake. Kinywa nacho kikaanza kukauka usiku. Amitriptilini inakausha kinywa. Sukari ikipanda inakausha kinywa. Saa nane za usiku nimekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha maji, sijui nimshtaki nani. Ganzi ya vidole vya miguu nayo, nilisoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi la metformini, dawa yangu ya sukari: ukiitumia miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake huleta ganzi na uchovu. Miaka tisa naimeza. B12 sijapimwa hata mara moja. Nimeuliza nipimwe chumba gani.

Kuna jambo ambalo sijawahi kulisema. Mwaka nilioambiwa nisifunge Ramadhani, shekhe alinieleza vizuri, mgonjwa ameruhusiwa, toa fidia, lisha maskini. Nikaitikia. Nikarudi nyumbani, na mchana wa siku ya kwanza nikala kiporo cha ugali chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo, natafuna taratibu watoto wasisikie. Tangu utoto wangu sijawahi kula mchana wa Ramadhani isipokuwa siku zangu. Nililia mpaka tonge likanikwama. Kwa hesabu zangu kutoamka kulianza mwezi ule. Hakuna faili lenye mstari wa kuandika hilo.

Nina ndugu yangu wa damu anayeishi na VVU, na ameniruhusu niseme haya. Serikali ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004, naye ni miongoni mwa waliowahi. Anakwenda CTC yake, kliniki ya wanaoishi na VVU. Kadi moja. Kabla ya kupimwa alipewa ushauri nasaha. Mimi niliambiwa nina kisukari kwenye korido, mtoa habari akitafuta kalamu. Kila akienda anaulizwa kikohozi, anaulizwa jasho la usiku, wanachungulia kifua kikuu hata kama amekuja kwa jambo jingine. Akitulia na dawa zake anapewa za miezi sita. Akikosa tarehe, anapigiwa simu: ndugu, kulikoni? Mimi nikikosa Jumanne tatu mfululizo hakuna kiumbe anayejua, labda yule muuza kahawa wa getini. Siku moja nilijikuta namwonea wivu. Wivu, kwa mtu mwenye VVU! Nikaona aibu, nikamwambia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Najua, pale pana fedha za wafadhili, na mwaka 2025 Marekani ilipokaza mkono sote tuliona watu walivyotetemeka. Lakini kuniuliza "na mengine mama?" kunahitaji mfadhili gani? Kuandika dawa zangu zote kwenye ukurasa mmoja wa faili kunataka dola ngapi? Mnaweza. Mmeshafanya. Mlipoamua kwamba ugonjwa ule ni wa mtu mzima mzima, na ndoa yake, na hofu yake, na nauli yake, mlijenga kitu ambacho ndugu yangu anakitembelea miaka ishirini sasa bila kuchoka.

Haya, na daktari wa chumba namba 9 nimtendee haki japo sipendi. Tulikuwa zaidi ya sabini siku ile, na yeye mmoja, na saa nane alikuwa hajanywa hata maji. Akimsikiliza kila mtu habari za feni, watu wa namba 60 watalala pale. Sawa. Nimekubali. Bado nimekasirika.

Wanaonitumia jumbe za mdalasini na mbegu za mlonge: mlonge nimekula, sukari imenicheka. Wanaosema ni kupungukiwa imani: naswali tano. Bima nitaiandikia siku yake, leo presha hairuhusu.

Binti yangu amenipa kaunta buku. Tumeandika kila kitu, dawa, dozi, saa, na siku za feni tumezipigia msalaba mwekundu. Jumanne ile nilikuwa nalo mkobani, na nilipotoka chumba namba 9 nikasema ngoja nimpitie yule kijana wa dirishani alipitie. Nilikuwa sijamwona muda, maana dirisha lilikosa dawa zangu mbili mara ya mwisho, nikawa nanunua nje. Nikamkuta dada mwingine. Nikamweleza: mwembamba, ana miwani, anapanga dawa mafungu mafungu.

"Ah, yule," akasema. "Yule alikuwa wa fildi, mama. Ameshamaliza, karudi chuo."