Nani Kakwambia Kaseti Yangu ni Feki?

Jumamosi iliyopita nilitukanwa mbele za watu, na aliyenitukana mpaka leo hajui kama alinitukana. Hapo ndipo panaponiuma.

Tulikuwa kama watu kumi na mmoja, wapenzi wa gemu za zamani, tumeunganisha meza tatu kwenye mgahawa mmoja jirani na Nyerere Square, hapa Dodoma. Huwa tunakutana hivyo mara mojamoja. Huyu analeta pedi ya kuchezea iliyokatika waya, yule kaseti ya gemu, tunakunywa soda, tunabishana ni nani alikuwa wa kwanza kumaliza gemu ya Kontra mtaani kwao, kisha kila mtu na njia yake. Safari hii tulikuwa na mgeni kutoka Dar. Alikuja na treni ya SGR asubuhi, na begani alikuwa na begi ambalo hakulitua hata alipokwenda kunawa mikono. Tukajua lina jambo.

Lilipofunguliwa, kikatoka kitabu chembamba ndani ya plastiki ngumu, nayo plastiki ndani ya bahasha. Jarida la gemu la Nintendo Power, toleo la kwanza kabisa, Julai na Agosti 1988, Mario wa udongo jaladani. Tulilipokezana kama mtoto mchanga anayetolewa nje siku ya kwanza. Sitaki kujifanya mgumu: lilipofika kwangu nilipangusa viganja kwenye suruali kwanza.

Basi na mimi, kwa furaha ile, nikatoa changu. Kaseti ya njano, 64 katika 1, yaani gemu 64 ndani ya kaseti moja, karatasi ya juu imechubuka nusu, kona moja ina alama za meno ya mdogo wangu alipokuwa anaota meno. Mgeni akaigeuza mara moja, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Hii feki, kaka. Hii haihesabiki."

Haihesabiki!

Nikamuuliza, mwaka 1988 wewe jarida hilo ulilisomea wapi? Akacheka. Amezaliwa 1991. Kalinunua mwaka juzi kutoka Marekani, kwa bei ambayo sitaitaja maana mke wake anaweza kusoma hapa. Yaani ndugu yangu huyu anakumbuka utoto wa mtu mwingine kabisa, mtoto wa huko Ohio aliyekuwa analisubiri jarida kwenye sanduku la posta, halafu utoto wangu mimi, uliotokea kweli, hapa Chang'ombe, kwenye vumbi hili hili, anaushika kwa vidole viwili.

Tukumbushane kidogo tulikotoka. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mtaani kwetu, TV ya kwanza niliyoiona ikiwaka haikuwa inaonyesha taarifa ya habari wala mpira. Ilikuwa inaonyesha mtu mfupi wa kofia nyekundu anaruka juu ya mabomba. Kuna watoto Dodoma hii walimjua Mario kabla hawajajua sura ya msomaji wa habari. Sasa nikuulize, unadhani mashine iliyomleta Mario yule ilitoka kwenye duka la Nintendo? Duka lipi? Barabara ya ngapi?

Ilikuwa ile ya kuiga, na kuiga kwenyewe kuna historia yake. Nintendo, kampuni ya gemu ya Kyoto, walitoa mashine yao ya Famicom Japani tarehe 15 Julai 1983. Walipopeleka mashine Marekani kwa jina la NES, waliweka ndani kichipu cha kukagua kila kaseti, isiyo yao inakataliwa. Famicom ya Japani haikuwa na mlinzi huyo. Mlango uko wazi, na mafundi wa Asia hawakuulizwa mara mbili: wakaikamua mashine nzima ikaingia kwenye chipu moja, na bei ikashuka mpaka ikawa ya watu kama sisi. Ukifungua kaseti yangu leo hukuti chipu yenye maandishi. Unakuta doa jeusi la gundi ngumu, kama lami iliyodondoka, na kila kitu kiko chini yake. Kaseti zetu zilikuwa na meno 60 ya kuchomekea, kama za Japani. Za Marekani zina 72. Kwa hiyo hata kwa kupima kwa rula, kaseti yangu ni ndugu wa karibu wa Famicom ya Kyoto kuliko hiyo NES ambayo jarida lako liliandikwa kuitangaza.

Na usidhani ni sisi tu. Urusi, kuanzia mwishoni mwa 1992, mashine ya kuiga iliuzwa kwa jina la Dendy, na tembo mchoro wake, na mwaka uliofuata ikawa na jarida lake kabisa la Kirusi. Poland walikuwa na Pegasus. Afrika Kusini wakasema Golden China. Leo hii Mrusi akitoa toleo la zamani la jarida la Dendy kwenye mkoba wake, huyu mgeni wetu atalipigia magoti, wallahi atalipigia. Feki ya Mrusi ni urithi. Feki ya Mgogo haihesabiki. Tofauti ni kwamba wenzetu waliandika, na sisi tuliongea.

Ndiyo, tuliongea, na maongezi yale ndiyo yalikuwa majarida yetu. Watu wanasahau jarida la gemu lilikuwa na kazi gani. Lilikuwa la kukwambia siri: mlango uko ukuta upi, bosi wa mwisho anapigwa wapi. Sasa niambieni, siri ya maisha thelathini ya Kontra ilifikaje Chang'ombe? Unabonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyewahi kuona jarida la aina hiyo, achilia mbali kulisoma Kiingereza chake. Lakini tuliijua wote, na tuliijua kama wimbo, vidole vinaimba kabla kichwa hakijafika. Aliyeileta ni kijana mmoja aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni Morogoro, akaanza kuiuza. Shilingi ishirini, au unamwachia zamu yako. Ndani ya wiki ikawa ya bure, kwa sababu siri ya watoto haikai.

Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba mchezo huo wa vitufe alibuni Mjapani aitwaye Kazuhisa Hashimoto, aliyefariki Februari 2020. Alikuwa anatengeneza gemu ya Gradius ya Famicom, gemu ikamshinda mwenyewe, akajiwekea njia ya mkato ili aweze kuijaribu hadi mwisho. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Mtu kajitungia njia ya kukwepa kufa huko Japani, na njia hiyo ikatembea mdomo kwa mdomo, bila karatasi hata moja, hadi kwenye banda la mabati tulilochezea gemu Dodoma. Halafu eti ushahidi ni karatasi.

Karatasi nayo isijifanye malaika. Wale wa Electronic Gaming Monthly, jarida la Marekani, toleo la Aprili 1992, waliandika jinsi ya kumtoa bwana mmoja aliyejificha kwenye gemu ya ngumi ya Street Fighter II, jina lake Sheng Long. Uchukue mpiganaji aitwaye Ryu, usiguswe tangu pambano la kwanza mpaka umfikie bosi, halafu ukifika msigusane raundi na raundi mpaka muda uishe, ndipo atokee. Watu walitoa jasho. Sheng Long hakuwepo. Lilikuwa jina lililozaliwa na tafsiri mbovu ya ngumi ya Ryu, na wao wakalifanyia utani wa sikukuu ya wajinga. Majarida mengine yakaunakili kama habari ya kweli. Sisi nasi tulikuwa na uongo wetu: kuna mtu aliapa kwamba ukimpiga risasi yule mbwa anayekucheka kwenye gemu ya bata, anakufa, kisha zinatoka steji mpya. Uongo wa kwao uko kwenye plastiki ngumu. Wa kwetu umekufa na waliousema.

Na kwa kuwa nimetaja bata. Mwaka jana nilipata bastola yake nzima pale Sabasaba kwenye mitumba, nikaenda nayo kwa dada yangu Ilazo nimwonyeshe mpwa wangu. Nikachomeka kwenye TV yao bapa, kubwa kama mlango. Bata akapita. Nikafyatua. Hakuna. Nikasogea mpaka mdomo wa bastola unagusa kioo. Hakuna. Mtoto ananiangalia kwa huruma. "Mjomba, labda imeisha betri." Haina betri, mwanangu. Bastola ile haipigi, inaona: ukifyatua, kioo kinazima kufumba na kufumbua, panabaki kiboksi cheupe mahali alipo bata, na jicho lililo ndani ya bomba linasubiri mwanga huo papo hapo. TV ya chogo ilikuwa inauleta papo hapo. Bapa inachelewa kidogo, na kidogo hicho kinatosha bata kwenda zake. Kwa hiyo kama una chogo stoo, usimpe muuza skrepa. Nakuomba.

Haya, nitamke na ninayopaswa kutamka, ingawa koo linakataa. Wanaokusanya majarida wanafanya kazi. Wenzetu wa Video Game History Foundation, taasisi ya kutunza historia ya gemu huko Marekani, walitoa utafiti mwaka 2023, wakakuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini kwao haziuzwi tena popote. Picha na maelezo yake yamo kwenye majarida yale. Bila wenye plastiki ngumu zao tungebaki kubahatisha. Na sawa, nakiri, mimi mwenyewe ninayo majarida mawili ya Uingereza ya miaka ya tisini, moja halina jalada. Nilinunua. Kwa hela. Yaishe.

Ninachokataa ni hesabu inayoanzia huko na kuishia huko. Mgeni wetu ana matoleo arobaini ya jarida lisilojua kama Dodoma ipo, na hana kumbukumbu moja iliyoandikwa ya banda la gemu la Kariakoo alikokulia. Wenye mabanda wanazeeka. Majina tuliyozipa gemu yanapotea, maana Battle City kwetu ilikuwa "vifaru" na Excitebike ilikuwa "pikipiki", na mkoa wa jirani wana majina yao ambayo siyajui na hakuna atakayeniambia. Tunatafuta Mario wa udongo kwenye posta ya Marekani wakati udongo wetu unapeperuka.

Hasira zile ndizo zilizonipeleka Chang'ombe Jumapili. Mwenye banda letu yupo. Ana miaka sabini na kitu, anauza mkaa pale pale lilipokuwa banda, mabati ni yale yale. Nikampa shikamoo, nikampa na "mbukwenyi" yangu iliyovunjika, akacheka, akanipa kigoda. Nikamuuliza kama kuna chochote alichobakiza. Mashine iliungua zamani, adapta ilikuwa inachemka mpaka unaweza kukaangia yai. TV kamuozeshea binti, ikaenda na fanicha. Kisha akaingia ndani, akatoka na kaunta buku.

Jamani. Niliifungua magotini kwangu na vumbi la mkaa likaingia kwenye kila ukurasa. Mwandiko wa kalamu ya bluu, mistari kapiga kwa rula. Ukurasa wa kwanza bei: dakika kumi hamsini, watu wawili themanini. Zinafuata kaseti kama alivyozijua yeye: komando, vifaru, bata, mtu wa mabomba. Mtu wa mabomba! Kisha siku baada ya siku, miaka ya 1997 mpaka 2001. "Umeme hakuna." "Umeme hakuna." "Pedi ya kushoto imevunjwa na mrefu wa kwa mwalimu, alipe 500." "Mvua, wamejaa." Na madeni, kurasa na kurasa za madeni, bila majina, kwa alama tu: kipara, bukta nyekundu, pacha mkubwa, asiyeoga.

"Mzee wangu," nikasema, "niuzie hii. Taja bei yoyote."

Akaichukua taratibu, akalamba kidole, akafunua. Kumbe kurasa za nyuma bado anaandika: mkaa wa nani, magunia mangapi, lini atalipa.

"Haiuziki hii. Humu kuna madeni ya watu."

"Lakini yale ya gemu, mzee..."

Akarudi nyuma mpaka 1999, akashusha kidole, akasimama kwenye mstari mmoja, akanigeuzia. Mtoto wa mama maandazi, 150.

Nikatoa noti ya elfu kumi. Akasema hana chenji, na hapokei zaidi ya deni. Nikajipapasa mifuko yote nikapata sarafu ya mia. Akaiweka kwenye kopo, akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta buku, akaandika pembeni ya mstari wangu: bado 50.