Pepo, waya na honi ya Liemba

Mpwa wangu ana studio ya chumba kimoja huku Mwanga, Kigoma. Juzi alinisikilizisha biti inayoanza na mvua. Nikamuuliza ameirekodi lini. "Nimeishusha mtandaoni, mjomba." Mvua! Na paa lake ni la bati, na Novemba ndiyo hii.

Nikamsimulia habari za Halim El-Dabh, Mmisri aliyezaliwa Cairo mwaka 1921 na kusomea kilimo, si muziki. Mwaka 1944 aliazima redioni mashine ya kunasa sauti kwenye waya wa chuma, akaenda nayo kwenye zar, ngoma ya akina mama ya kupunga pepo. Ngoma za namna hiyo sina haja ya kuzieleza hapa kwetu (wala sikushauri uingie na maikrofoni bila ruhusa ya wenyewe). Aliporudi redioni akaivuruga rekodi yake: akapunguza sauti yenyewe, akakuza mwangwi, vyumba vya redio navyo vikageuka ala. Alichotoka nacho huwezi kusema ni uimbaji, wala huwezi kusema si uimbaji.

Masimulizi mengi ya muziki wa aina hii, wa kuunda kwa sauti zilizorekodiwa, huanzia Paris, 1948, kwa Mfaransa Pierre Schaeffer aliyerekodi treni na kuzigeuza muziki. Treni naipenda, nimekulia karibu na stesheni ambako reli ya kati inaishia ziwani. Lakini 1944 inakuja kabla ya 1948, na hilo halihitaji profesa.

Mwaka 1950 El-Dabh alikwenda Marekani. Mwaka 1958 muziki wake ulibeba Clytemnestra, onyesho la dansi la Martha Graham, na mwaka uliofuata akawa New York kwenye studio ya muziki wa kielektroniki ya vyuo vya Columbia na Princeton. Mpwa wangu alitaka kujua shoo zilimlipa kiasi gani. Nikamwambia mzee huyo alifundisha Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, tangu 1969 hadi 1991. Uso ukamshuka kidogo.

Wapo wanaosema muziki wa majaribio ni wa wazungu walioshiba. Siwakubalii. El-Dabh alianza na kitu kilichokuwa mtaani kwao, ambacho wasomi wenzake pengine walikipita wakiziba masikio. Sisi tuna Kibirizi alfajiri, injini za mitumbwi zikirudi na dagaa, akina mama wakibishana bei kwa Kiha. Nani amerekodi?

Utotoni honi ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa ikitutoa ndani mbio. Meli ile Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Chuma kiliibuliwa, lakini honi yake ya wakati ule mimi sina hata sekunde moja ya kumsikilizisha mtoto huyu. Nikajaribu kuiigiza kwa mdomo, mashavu yamenijaa. Akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akanisogezea maikrofoni: "Rudia, mjomba."