Jembe, Daftari na Mtoto

Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule za chekechea katika karne ya 19, alitaka kila mtoto awe na kituta chake mwenyewe, kando ya matuta ya wote. Leo wapo wanaotaka watoto wajifunzie kwenye bustani za jamii, zile zinazolimwa na watu wa mtaa kwa pamoja, lakini nyingi zimebaki na matuta ya wote tu. Watoto huitwa kuchota maji na kupalilia, ilhali cha kupanda kimeshaamuliwa na wakubwa. Anayesema hapo mtoto anatumikishwa hajakosea.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kuwafundishia watoto bustanini ni ya muda. Mwaka 2010 mwandishi wa Marekani, Caitlin Flanagan, alizishambulia bustani za shule za California: saa za bustani, alidai, zinaporwa kwenye kusoma na hesabu, na wanaoumia ni watoto wa vibarua wa mashambani, ambao wazazi wao waliwapeleka shule ili waepukane na jembe. Maneno makali, lakini yana uzito. Asiyejua kusoma hataokolewa na mchicha.

Ila hoja hiyo inaitenga bustani na hesabu kana kwamba haziwezi kukutana. Mpe mtoto mbegu 20 za maharage, azifukie mwenyewe, na baada ya siku kumi hivi ahesabu zilizoota. Zikiwa 13, amepata sehemu na asilimia, tena amepata swali linalomkera: hizi saba zimepatwa na nini? Atafukua tu. Huenda akakuta zilizooza kwa maji mengi, au zilizotobolewa na wadudu. Wiki kadhaa baadaye ang'oe mche mmoja taratibu, apasue kwa ukucha vinundu vya mizizini. Vikiwa na wekundu ndani, bakteria wamo kazini wakinasa naitrojeni ya hewani, kirutubisho cha mmea. Haya yote yanahitaji mtu mzima wa kuuliza na daftari la kuandikia. Bila hivyo, kweli ni palizi tupu.

Afya nayo isipuuzwe. Udongo wa mjini unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto wadogo hutia vidole mdomoni. Upimwe, la sivyo yajengwe matuta ya kuinuliwa yenye udongo safi.

Kinachobaki kigumu ni ubishi na wakubwa wanaotegemea mavuno ya bustani hiyo hiyo. Hao wana haki ya kukataa miche yao ikanyagwe. Basi watoto watengewe ukanda wao, na kituta kikikauka kwa kusahauliwa, mkubwa asikimwagilie kwa siri. Awape mbegu nyingine.