Nukta Nyeusi Usoni mwa Mshtarii

Septemba 1, 2016, watu walimiminika Rujewa, mkoani Mbeya, kuona jua likigeuka pete. Shangwe zile zilistahili. Ila mimi naona anayetaka kuelewa kupatwa kwa jua asiungoje mwezi wetu. Achungulie sayari ya Mshtarii (Jupiter), yenye miezi yake.

Ukiwa Rujewa umesimama ndani ya tukio. Kivuli chenyewe huwezi kukiona umbo. Kwenye Mshtarii unakitazama kwa nje: nukta nyeusi tii ikikatiza mikanda ya mawingu kwa saa mbili na ushei. Mara ya kwanza nilipoiona, mwezi wenye kivuli kile, Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, sikuuona kabisa. Ulikuwa umepotelea kwenye weupe wa mawingu. Kivuli ndicho kilichonijulisha kuwa upo.

Wala huko si jambo la kusubiri miaka. Io humaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu hivi, na kwa kuwa Mshtarii imeinama kama digrii 3 tu, kila mzunguko kivuli huangukia sayari. Tena ni kivuli hasa: upana wake ni kama kilomita 3,600, karibu sawa na Io yenyewe, wakati giza kamili la mwezi wetu kwa kawaida halifiki kilomita 300. Jua likitazamwa kutoka huko ni dogo, kama moja ya tano ya upana tunaouona sisi, kwa hiyo Io hulifunika na bado ikabakiza nafasi tele.

Januari 24, 2015, darubini ya Hubble ilipiga picha vivuli vitatu kwa pamoja, vya miezi ya Mshtarii: Io, Europa na Callisto. Hilo sasa ndilo adimu. Io, Europa na mwezi mwingine, Ganymede, haziwezi kukutana hivyo, maana mizunguko yao imefungamana: Io minne, Europa miwili, Ganymede mmoja. Lazima Callisto ishiriki, nayo hupitisha miaka kivuli chake kikiikosa sayari. Zamu inayofuata ni Machi 2032.

Kwa mwenye darubini ndogo: kabla Mshtarii haijakaa mkabala na jua, yaani Dunia ikiwa katikati yao, kivuli hutangulia na mwezi hufuata; baadaye mwezi ndio hutangulia. Usiku wa mkabala wenyewe, mwezi hukaa juu ya kivuli chake na kukifunika kwa sehemu kubwa. Usiku huo mimi hulala mapema.