Harusi ya saa kumi ni ya mpiga picha, si yetu

Nani aliyewaambia wana wa siku hizi kwamba karamu ya harusi huanza saa kumi? Ufuoni Shela, kisiwani Lamu, mwishoni mwa Machi, kaskazi imekufa na kusi haijaingia, hakuna hata upepo wa kutikisa ncha ya leso. Kadi imeandikwa "jioni". Jioni ya wapi hiyo? Alasiri ndiyo kwanza imeadhiniwa, mchanga ungali unachoma nyayo, na sisi tumepangwa kwenye viti vya plastiki kama samaki walioanikwa.

Nikauliza. Kijana wa kamati, mpole kweli, akanijibu: "Anti, mpiga picha anataka lile jua linaloshuka." Alaa! Kumbe mwenye harusi ni yeye. Jukwaa likageuziwa magharibi ili bahari ikae nyuma ya maharusi. Bibi harusi uso mzima juani, amefinya macho, wanja unamshuka. Sisi wageni jua liko visogoni. Bibi yetu mmoja, aliyeletwa kwa boti kutoka mtaa wa Langoni, mjini Lamu, na kushikwa mikono miwili hadi kitini, alijifunika mtandio kichwani mpaka hotuba zikaisha. Kwenye zile picha nzuri sana hayumo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tarehe ilikuwa nzuri. Wazee waliichagua: usiku wa kuamkia kumi na tano, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi mpevu huchomoza jua likizama, kwa hiyo magharibi ikiadhiniwa tu ungeuona ukipanda juu ya maji, taa ya bure. Na mwezi ukiwa mpevu, bahari nayo ni bamvua, yale maji makubwa. Kwetu hapa bamvua hujaa saa kumi, kumi na moja hivi, alasiri na alfajiri, kisha hutoka. Kufikia saa nne au saa tano ya usiku ufuo umekuwa mpana, mchanga mgumu, watoto wanakimbia watakavyo. Kupwa na kujaa kwa bamvua ni tofauti ya mita 3 hivi. Muulize mvuvi yeyote, hahitaji simu kukujibu. Basi kamati yetu ikatuita saa ileile maji yanapofika kileleni. Safu ya mbele ikalowa. Watu wakainua viti, wakainua mabuibui, mshereheshaji akasema eti bahari imekuja kutoa mkono wa heri. Hapana, baba. Bahari imekuja kwa saa yake, nyinyi ndio mmekuja kwa saa ya kamera.

Wangengoja isha tu! Magharibi mwishoni mwa Machi ni saa kumi na mbili na nusu, isha saa moja na kitu. Watu wakiswali, wakioga, wakivaa, saa mbili na nusu wanafika na harufu zao za udi hazijageuka jasho. Hata asumini inajua hilo. Huchumwa ingali tumba, vikuba, vile vishada vya kuvaa, hutungwa alasiri, nayo hufunguka usiku. Saa kumi tulivaa vitumba vilivyofumba, na vilipoanza kunukia tulikuwa tunasubiri boti.

Kuna aliyenijibu kwamba dada yake aliolewa saa hiyohiyo, palepale, na watu walifurahi. Nakubali, nilikuwepo. Lakini ilikuwa 2015, na Idi mwaka ule iliangukia Julai. Kusi lilikuwa likivuma, wenye baridi walijitanda mashali. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na msimu wetu wa harusi unarudi nao: umetoka kusi, umepita masika, sasa umeingia kwenye joto la Machi, na mbele yake ni Februari. Huwezi kuchukua ratiba ya dada ukabadilisha majina tu. Ratiba ya Julai si ratiba ya Machi, hata kama zote mbili ni Mfunguo Mosi.

Chakula nitasema kidogo kwa sababu wapishi waliumia vya kutosha. Biriani ina mtindi, mchuzi una tui. Ukivikalisha kwenye joto lile kuanzia alasiri mpaka mjomba wa tatu amalize nasaha, usishangae. Ama kuketi wanawake na wanaume pamoja, hilo masheikh wetu watalisema Ijumaa, mimi simo.

Haya, picha. Najua za usiku hazitoki vizuri vile, na najua bibi harusi aliyetumia siku mbili kupakwa hina ana haki ya kuonekana. Basi wapelekeni wawili hao ufuoni saa kumi na moja na nusu, na mpiga picha wao na somo, mama aliyemfunda, wa kumshikia bibi harusi nguo, wapige mpaka jua litue. Sisi mia tatu tuna kazi gani hapo? Tuacheni tuje baadaye, tukae, tule, vugo, pembe yetu ya ngoma ya harusi, lipigwe watu wana pumzi za kuimba.

Mtaniambia boti za kurudi Lamu usiku ni ghali, na maji yakitoka inabidi abiria waingie baharini hadi magotini. Kweli. Nahodha wa usiku hapunguzi bei, na bibi yetu wa Langoni atahitaji vijana wawili wenye nguvu wa kumbeba. Lipeni hayo. Pesa ipo, maana droni mliikodi, ile iliyoshuka karibu na meza ya wazee ikatumwagia mchanga kwenye sahani.